Je, Wajua? Sinia la Sikukuu

Je, wajua kwamba mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier huko Morocco, aliposhuka Mogadishu aliandaliwa wali wa samli uliopakuliwa kwenye chombo kikubwa cha mbao, na juu yake ukamiminwa mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga? Pembeni waliweka ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na kwenye chombo kingine maziwa ya mgando pamoja na achari ya limau, pilipili iliyolowekwa kwenye siki, tangawizi mbichi na maembe. Chakula kilitoka nyumbani kwa sultani. Mgeni huyo akaandika pia, bila kumung'unya maneno, kwamba mtu mmoja wa mji ule hula sawa na kundi zima la watu wa kwao. Mwenye kukadiria kilo za mchele wa sikukuu na aanzie hapo.

Na wajua ni nini kilichokosekana kwenye mlo ule wa kisultani? Nyanya, viazi, pilipili mbuzi na pilipili kichaa. Asili ya vyote hivyo ni bara la Amerika, na havikuvuka bahari mpaka baada ya safari ya Columbus ya 1492. Kwa hiyo kachumbari ya nyanya, ambayo leo pilau ikiletwa bila yenyewe watu hutazamana, ni ngeni kwenye sinia la Mswahili kuliko achari ya limau. Tena na viazi vya ndani ya pilau ni hivyo hivyo. Wapo wanaotia na nyanya kwenye pilau yenyewe. Siwasemi, ila kwangu hazitiwi.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, wakati wa Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa Kishirazi inayoangukia Julai na inayojulikana kwa wanaume kuchapana mabua ya migomba, desturi inataka kila nyumba iwe na mgeni. Kukosa mgeni siku hiyo ni mkosi. Kwa hiyo anayepita njia asishangae akivutwa mkono aingie ndani ale.

Methali ya "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" imo katika kijitabu cha Mwalimu Julius Nyerere kuhusu Ujamaa, cha mwaka 1962. Aliitumia kueleza kwamba katika jamii ya jadi hapakuwa na nafasi ya mtu wa kula bure, na kwamba huenda mgeni mwenyewe aliliomba jembe kabla hajapewa. Mimi huitumia kugawa zamu za kuosha masufuria.

Kwa Wahaya wa Kagera, mgeni alipewa kahawa ya kutafuna kabla ya kuzungumzia ya kunywa. Matunda ya robusta huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, yakakaushwa, yakawekwa kwa ajili ya anayebisha hodi. Zamani za kabla ya mkoloni kahawa ile ilikuwa ya heshima, haijawa zao la kupeleka mnadani.

Je, wajua kwamba karamu ya Idi ya Mfunguo Mosi huanza kwa chakula cha nyumba nyingine? Zaka ya Fitri hutolewa kwa kila kichwa kilichomo nyumbani, mtoto mchanga akiwemo: pishi moja ya chakula kinacholiwa mahali hapo, uwe mchele, mahindi au tende. Pishi ni vibaba vinne, na kwa mizani ya leo huhesabiwa kati ya kilo mbili na nusu na kilo tatu. Nyumba ya watu wanane, basi, inatoa kilo 20 na ushee kabla haijabandika sufuria yake. Na sharti ifike kwa anayestahili kabla ya swala ya Idi, maana ikichelewa inahesabiwa kuwa sadaka ya kawaida tu. Lengo ni kwamba siku hiyo asiwepo wa kuomba.

Idi ya Kuchinja nayo ina hesabu yake. Kwa kawaida nyama hugawanywa mafungu matatu: la nyumbani, la ndugu na jirani, na la masikini.

Katika mitaa mingi ya Tanzania, Mkristo anayealika majirani wa dini zote Krismasi humwita Mwislamu achinje, ili pasiwe na wa kuchungulia sinia kisha akasema ameshiba. Hilo hupangwa siku kadhaa kabla, si asubuhi mbuzi ameshalala chini. Na sahani iliyopelekwa kwa jirani ikiwa na pilau hairudi tupu, hata kama kitakachorudi ni ndizi mbili.

Sasa tuingie jikoni, ambako ndiko karamu nyingi hufia.

Kilo moja ya mchele mkavu ikiiva hutoa kati ya kilo mbili na nusu na kilo tatu za wali. Kwa hesabu yangu inatosha watu wanane wenye adabu, au sita waliofunga tumbo tangu jana wakiisubiri. Nyama, nusu kilo kwa kila kilo ya mchele inatosha kusema pilau ina nyama, na kilo kwa kilo ndiyo sikukuu yenyewe. Usihesabu watoto kama nusu mtu. Watoto wa siku hizi hula nyama wakaacha wali, kwa hiyo wanaharibu hesabu pande zote mbili.

Lakini je, wajua kwamba pilau ya kilo 10 si pilau ya kilo moja mara kumi? Hapo ndipo hesabu za shuleni zinapovunjika, na ndipo waandaaji wengi wa mara ya kwanza wanapoaibika. Punje ya mchele hunywa maji yake yale yale, iwe kwenye sufuria ya watu watatu au kwenye shughuli ya watu mia. Maji yanayozidi hapo, katika kipimo chetu cha kila siku, ni ya kuchukuliwa na mvuke. Mvuke hutokea juu, kwenye mdomo wa sufuria. Sufuria ya kilo 10 haina mdomo mpana mara kumi ya ile ya kilo moja, kwa hiyo kwa kila kilo hupoteza maji machache zaidi. Aliyezoea vikombe viwili vya maji kwa kikombe kimoja cha mchele, akizidisha hivyo hivyo mpaka kilo 10, atawaandalia wageni uji wenye mifupa. Juu ya hapo kuna uzito: wali wa chini unabeba wali wote wa juu, na mwiko ukizungushwa ovyo punje zinapondeka.

Ndiyo maana wapishi wa shughuli hawashiki kikombe. Wanatia kidole: ncha inagusa mchele, na maji au supu yafike kwenye pingili ya kwanza. Unaweza kudhani ni uvivu wa kupima, kumbe ndiyo hesabu sahihi, kwa sababu kina kile cha maji juu ya mchele ndicho kinachokwenda na mvuke, na hakibadiliki sana sufuria ikiwa ndogo au kubwa. Mazungumzo ya jikoni siku ya Idi, kati ya mawifi wawili, huenda hivi:

"Wifi, maji umetia mangapi?"

"Sijapima. Nimetia kidole."

"Kidole chako au cha nani? Maana wewe una vidole vya mcheza marimba."

"Basi njoo utie chako, wifi yangu, pilau ikiharibika tuseme ni yako."

Hakuja.

Kabla ya kubandika, muulize mwenye duka swali moja: mchele huu mpya au wa zamani? Mchele uliotoka shambani karibuni hunywa maji machache na hushikana upesi. Uliokaa miezi umekauka zaidi, hunywa maji mengi na punje zake huachana. Basmati nzuri hukalishwa ghalani kwa makusudi kabla ya kuuzwa. Mchele mpya una harufu tamu, sikatai, na wali wa nazi unaupenda. Kwa pilau ya watu 40, tafuta wa zamani.

Mchele wa Mwea, unaopikwa sana Kenya siku za sikukuu, una historia isiyo ya sherehe. Mifereji ya umwagiliaji ya pale Kirinyaga ilianza kuchimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, kwa nguvu za mikono ya mahabusu waliokamatwa na serikali ya kikoloni iliyokuwa ikipambana na Mau Mau.

Je, wajua kwamba rangi ya hudhurungi ya pilau ya pwani haitoki kwenye bizari? Inatoka kwenye vitunguu. Kitunguu karibu asilimia 89 ni maji. Ukikaanga, maji yale lazima yatoke kwanza, na mpaka yatoke kitunguu hakibadiliki rangi hata ukikikemea. Yakishatoka, sukari iliyobaki inaanza kuiva na rangi kuingia kwa kasi: kutoka dhahabu hadi kuungua ni kama dakika mbili. Ndiyo sababu kilo nzima ya vitunguu inaisha kuwa konzi, na ndiyo sababu aliyepewa kazi hiyo asipewe na simu. Anayetia manjano ili pilau ipate rangi ametafuta njia ya mkato, na ulimi unamjua.

Vitunguu vya kachumbari ni kesi nyingine. Visugue kwa chumvi, viache kidogo, vioshe, vikamue. Ukali unaondoka na maji. Hatua hii ikirukwa, mazungumzo ya mchana kutwa yatakuwa ya mbali mbali.

Kila karafuu unayoikuta kwenye pilau ni ua ambalo halikupata kuchanua. Huchumwa likiwa tumba na kuanikwa juani. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, Indonesia, ukaletwa Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Na wajua kwa nini Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi leo? Mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Mashamba ya Pemba yakashika usukani, na hayajauachia. Jikoni, karafuu chache. Mafuta yake, eujenoli, ndiyo yale yale yaliyotumiwa na madaktari wa meno kutuliza maumivu, kwa hiyo mgeni akitafuna moja nzima ganzi itamshika kabla hajaonja nyama.

Iliki kwa bei ya uzito ni ya tatu duniani baada ya zafarani na vanila. Zafarani ndiyo kabisa: kilo moja inataka zaidi ya maua laki moja, na kila ua linatoa nyuzi tatu tu, zinazochumwa kwa mkono. Ukiuziwa kifurushi kinono cha zafarani kwa bei ya mchicha, jua umenunua rangi.

Nyama ya mbuzi aliyechinjwa saa tatu asubuhi huwa ngumu saa saba mchana, na lawama hupewa mbuzi kwamba alikuwa mzee. Mara nyingi si uzee. Saa chache baada ya kuchinjwa misuli hukakamaa, na ikipikwa katika hali hiyo inabaki ngumu. Ikikaa mahali pa baridi hadi kesho yake, hulegea. Maini hayana misuli ya namna hiyo, kwa hiyo hayakakamai, na kwa desturi ndiyo ya kwanza kufika kwenye kikaango siku ya kuchinja. Chai ya asubuhi kwa maini, nyama kwa pilau ya kesho: wazee waliipanga vizuri ratiba hiyo.

Kama lazima ipikwe leo, papai bichi husaidia. Utomvu wake una kimeng'enya kiitwacho papaini kinachovunjavunja protini za nyama, na ndicho wapishi wa biriani wanachokitegemea. Kipande kidogo kilichokunwa kinatosha. Ukizidisha, au ukaisahau nyama humo usiku kucha, utakuta ujiuji unaofaa wasio na meno.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi badala ya 100. Kwa hiyo shangazi anayetoka Mombasa kwenda kupikia sikukuu Nairobi asigombane na jiko la wenyeji. Maharage na nyama vitachelewa kweli, na si kwa sababu gesi yao haina nguvu.

Sasa mfuniko. Wali ukishakaribia kukauka, mpishi wa pwani hupunguza moto wa chini na kuutandaza mkaa mwekundu juu ya mfuniko. Huko ndiko kupalia. Joto la juu linashuka, la chini linapanda, mvuke unakosa pa kukimbilia, na punje za katikati, ambazo kwenye sufuria kubwa ndizo huchelewa, zinaiva bila kuguswa na mwiko. Simama karibu uone: mfuniko unaanza kutoa mlio mdogo, harufu ya iliki inatangulia, kisha ya vitunguu, na mwisho kabisa inakuja ile ya kukaangika. Hiyo ya mwisho ndiyo saa. Ikizidi hapo ni ya kuungua.

Je, wajua kwa nini ukoko hauumbiki mapema? Wali wenye maji hauwezi kupita nyuzi 100. Rangi ya kahawia na harufu ya kukaangwa zinataka nyuzi 140 hivi kwenda juu. Kwa hiyo maji yakiwa bado yapo chini ya sufuria, hapana ukoko. Yakiisha, joto linapaa na dakika chache zinatosha. Wairani huupika kwa makusudi, wakauita tahdig, na humgeuzia mgeni sufuria nzima ili ukoko ukae juu. Wahispania wa Valencia wana socarrat, Wakorea wana nurungji. Sisi tunauacha nyuma ya nyumba kwa watoto wanaokwangua na vijiko, na mtu mzima akiutamani hujifanya anakwenda kukagua usafi wa sufuria. Nadhani tunajidhulumu. Ukoko upakuliwe mbele za watu, wenye meno wagawane.

Mkaa lakini una hila. Jiko la mkaa likiingizwa ndani kwa sababu mvua imeanza, hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini. Moshi ukiisha watu hudhani hatari imekwisha, kumbe makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoitoa. Mvua ikinyesha, toa paa nje: turubai, mabati, chochote. Usiingize moto ndani.

Manahodha wengi chombo huenda mrama, na jikoni kwenye watu kumi hilo huonekana kwenye chumvi. Kila anayepita anaonja, anaongeza kidogo, anaendelea na safari. Chagua mtu mmoja wa chumvi. Wengine wamenye.

Na mchango? Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, kukusanya fedha za sikukuu kumekuwa kazi ya vidole. Kugawana vitu vya kuleta bado ni kazi ya mdomo, na hapo hakuna haya: kumwambia mtu "lete matikiti mawili" ni kumheshimu kuliko kumwambia "lete chochote." Chochote siku zote huwa soda. Nyumba ya soda kreti tano na barafu hakuna tumeiona. Taja jina, taja kitu, taja na saa, hasa kwa mwenye kuleta sahani.

Sinia moja la pwani hukaliwa na watu wanne hadi sita. Nyama hupangwa katikati, kila mtu hula upande wake kwa mkono wa kulia, na mkubwa wa sinia ndiye anayewasukumia wenzake vipande. Anayevuka mpaka kufuata nyama hutambuliwa tonge la pili. Kwa mwenye kupanga, faida ni kwamba wageni 30 wanahitaji masinia sita tu na mikeka, si sahani 30 na viti 30 vya kukodi. Birika na bakuli la kunawia vitangulie.

Kilimanjaro kila Desemba barabara hujaa Wachaga wanaorudi nyumbani, na utani wa Tanzania nzima ni kwamba wanakwenda kuhesabiwa. Desemba 2019 treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirudi baada ya zaidi ya miaka 20 ya kutoonekana, na hilo lilipunguza kidogo vita vya tiketi za basi. Huko juu sikukuu huliwa mtori, ndizi na nyama, na mbege ya ndizi na ulezi ambayo haianzi kutengenezwa mkesha: ndizi lazima ziivishwe, zichemshwe na zichachuke, kwa hiyo mwenye mbege ndiye wa kwanza kuianza sikukuu na mara nyingi wa mwisho kuimaliza.

Kwa familia nyingi za Kenya, miaka mingi, chapati zilikuwa chakula cha Krismasi, si cha Jumanne. Chapati ni ya Wahindi, ambao zaidi ya 30,000 waliletwa kujenga reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Unga ukishakandwa hupumzishwa chini ya kitambaa ili ulegee. Anayekimbilia kusukuma hukuta chapati inajirudi kila akiitanua.

Waganda hupika luwombo, nyama au kuku ndani ya jani la mgomba lililobabuliwa motoni, na kufungwa kifurushi kimoja kwa kila mtu. Masimulizi ya Buganda humtaja mpishi wa Kabaka Mwanga, mwishoni mwa karne ya 19. Kwa mwenye kuogopa ugomvi wa nyama, sijaona mpango bora: kila mgeni na fungu lake, limefungwa.

Oman, ambako familia nyingi bado huzungumza Kiswahili kilichotoka Zanzibar, Idi ina shuwa. Nyama hupakwa viungo, hufungwa kwa majani makavu ya migomba au mitende, hutiwa kwenye mifuko iliyofumwa na kufukiwa kwenye shimo lenye makaa kwa siku moja au mbili. Shimo huwa la ukoo au la kijiji kizima. Kila nyumba huutia alama mfuko wake, kwa sababu mifuko yote huingia pamoja na kutoka pamoja. Huko pia kuna harisi, ngano na nyama zilizopondwa pamoja, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2023 kwenye orodha ya urithi wa binadamu kwa maombi ya Falme za Kiarabu, Oman na Saudi Arabia. Mswahili akionjeshwa hatauliza ni nini. Atasema hii ni bokoboko, na atataka samli na sukari.

Je, wajua kwamba kiporo cha wali kinaweza kukudhuru hata ukikipasha moto mpaka kikatoa mvuke? Kuna bakteria, Bacillus cereus, ambao mbegu zao huvumilia kuchemshwa. Wali ukiachwa kwenye sufuria kubwa hadi jioni, katikati hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi. Bakteria hao huamka, huzaana na kutoa sumu, na sumu hiyo haiharibiwi na moto wa kupasha. Kinachosaidia ni kuupoza wali upesi: baada ya wageni kula, utandaze kwenye masinia mapana, usiulundike, na ndani ya saa mbili uingie kwenye friji. Kusiko na friji, gawa. Wageni wa mwisho waondoke na vifurushi, na kila mtu akale usiku huo huo.

Anayepika Idi ana shida ambayo wa Krismasi haijui: hajui tarehe. Mwezi ukiandama usiku wa siku ya 29, Idi ni kesho. Usipoonekana, ni keshokutwa, na tangazo huja giza limeshaingia. Kwa hiyo mpishi mzoefu huitayarisha ile nusu ya kazi isiyoharibika: viungo vimetwangwa, mchele umepetwa, vitunguu vimekaangwa vikakauka na kufungiwa kwenye chombo, hukaa siku kadhaa. Nyama na nyanya ndizo zinazongoja tangazo.

Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo Idi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa jua, na mara chache mwaka mmoja hubeba Idi mbili za Mfunguo Mosi. Mwaka 2000 ulikuwa hivyo: ya kwanza iliangukia Januari 8 hivi, ya pili Desemba 27 hivi, pilau za Krismasi hazijaisha kwenye friji. Mahesabu yanaonyesha 2033 itakuwa vile vile, mwanzoni mwa Januari na tena karibu na Desemba 23, siku mbili kabla ya Krismasi. Nyumba zenye baba wa msikiti na mama mkubwa wa kanisani, na Tanzania zimejaa, zitapika mara mbili ndani ya wiki moja kwa masufuria yale yale ya kukodi. Wenye uwezo wa kufuga waanze mapema, maana bei ya mbuzi wiki ile haitashikika.